Nilichomwa sindano za Kichina, nikaambiwa figo zangu ni dhaifu

SWALI: "Habari za kazi daktari. Nina miaka 48, nafanya biashara Kariakoo na huwa nasafiri Guangzhou kufuata mzigo wa mabegi na viatu. Kiuno kinanisumbua mwaka wa pili sasa, maumivu yanashuka tako la kushoto hadi kwenye kigimbi. Nameza diklofenaki karibu kila siku, na pia natumia dawa ya presha, losatani iliyochanganywa na dawa ya kukojoza. Safari iliyopita nilizidiwa, wakala wangu akanipeleka hospitali ya tiba ya Kichina. Daktari alinishika mapigo mikono yote miwili, akautazama ulimi, akaongea kwenye simu yake ikatafsiri: figo zako ni dhaifu. Akanichoma sindano nyembamba kiunoni, nyuma ya goti na kwenye kifundo cha mguu, mara tatu ndani ya wiki. Nilipata nafuu kama siku kumi, halafu maumivu yakarudi. Alinipa na vidonge vyeusi vidogo vya figo, bado navimeza. Tangu hapo silali. Je, figo zangu zinakufa? Hapa Dar nimepata kliniki ya sindano, wanataka nilipie mara 20 kwa mkupuo, na wameniambia niache dawa ya presha kwa kuwa sindano zitasafisha mwili. Kaka yangu anasema ile nafuu ilikuwa saikolojia tu. Mama anasema ni ushirikina. Nifuate lipi?"

JIBU: Dada yangu, pole na maumivu, na pole zaidi kwa usingizi uliopotea. Swali lako ni moja lakini lina mambo matatu yaliyofungwa pamoja: figo, sindano na presha. Naanza na figo, maana ndizo zinazokukesha.

Yule daktari hakukwambia kwamba figo zako zinakufa. Hakuwa na namna ya kulijua hilo kwa kushika mkono. Katika tiba ya Kichina, figo si hivi viungo viwili vinavyochuja damu na kutengeneza mkojo, au tuseme si hivyo tu. Ni jina la kundi zima la kazi za mwili: uzazi, mifupa, nywele, usikivu wa masikio, nguvu ya kuhimili baridi, hata hofu. Kitabu chao cha msingi, Huangdi Neijing, kilichokusanywa yapata miaka 2,000 iliyopita, kinasema kiuno ni makao ya figo. Kitabu hichohicho kinahesabu maisha ya mwanamke kwa mafungu ya miaka saba saba: akiwa na miaka 7 meno yanabadilika, akiwa na 14 anavunja ungo, na akifika 49 hedhi inakoma kwa sababu ile nguvu inayotunzwa na figo imepungua.

Sasa jitazame kwa macho yake. Umeingia na miaka 48, unashika kiuno. Amekugusa kila mkono kwa vidole vitatu, na kidole cha pete, kile kinachokaa upande wa kiwiko, ndicho kinachosoma figo katika mfumo wao. Kama ulimwambia pia kwamba unaamka usiku kwenda kukojoa, jambo ambalo dawa yako ya presha peke yake inaweza kulileta, basi jibu lilikuwa limeshapatikana. Asilimia kubwa ya watu wa umri wako wenye kiuno sugu wangetoka chumba kile na maneno hayohayo. Angekuwa anaongea na Mchina mwenzake, huyo angeitikia kwa kichwa na kwenda zake, maana tangu utotoni anajua msemo huo haumaanishi kwamba atahitaji mashine ya kusafisha damu. Wewe ulipewa sentensi moja tupu na simu, ukarudi nayo kwenye ndege.

Maumivu yenyewe nayo hayana sura ya figo. Ugonjwa wa figo haushuki takoni ukaishia kwenye kigimbi. Njia hiyo ni ya neva ya siatika, na mara nyingi chanzo chake ni neva kubanwa au kuwashwa pale inapotoka kati ya pingili za chini za uti wa mgongo.

Lakini nisikuache na furaha ya bure. Kuna jambo halikukutia hofu, nalo ndilo lililostahili: diklofenaki ya kila siku juu ya dawa yako ya presha. Figo huchuja damu kwa kutegemea msukumo wa damu ndani ya vijishipa vidogo sana. Diklofenaki inazuia kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo kazi yake mojawapo ni kuuacha wazi mshipa unaoingiza damu kwenye chujio. Losatani inaulegeza mshipa unaoitoa. Dawa ya kukojoza inapunguza maji yaliyomo mwilini. Kila moja peke yake figo inaivumilia. Zikikutana tatu, msukumo kwenye chujio unashuka, na figo zinaweza kuumia kimyakimya, hasa ukiwa unaharisha, umefunga, au umeshinda juani bila maji. Tena diklofenaki hupandisha presha, kwa hiyo unameza dawa moja inayoishusha na nyingine inayoipandisha.

Figo nazo hazina tabia ya kulalamika mapema. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake asione dalili yoyote. Kwa hiyo wiki hii nenda ukapime kretinini (taka ambayo figo huichuja) na potasiamu kwenye damu, na protini kwenye mkojo. Ni vipimo vya kawaida, hospitali ya wilaya wanavyo. Diklofenaki iache leo. Kwa sasa tumia parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa. Sikufichi, kwa kiuno sugu haina nguvu kubwa, ila ukiitumia kwa kipimo figo zako hazitalipia. Daktari wako wa presha atakuchagulia dawa nyingine ya maumivu akishaona majibu.

Na vile vidonge vyeusi, viweke pembeni. Simaanishi kwamba ni sumu, sijaviona. Namaanisha kwamba dawa ya mitishamba iliyoandikwa "ya figo" haina kinga ya kutoumiza figo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakitumia mitishamba ya Kichina ya kupunguza unene walianza kufika hospitalini figo zikiwa zimekauka. Mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina la Kichina linalofanana nao, wa jamii ya Aristolochia. Walioumia walizidi 100, na baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo. China yenyewe iliuondoa mmoja wa mimea ya jamii hiyo, guan mu tong, kwenye dawa zake mwaka 2003. Usivitupe vidonge. Nenda navyo pamoja na boksi lake siku ya vipimo, kwa sababu maandishi ya Kichina kwenye boksi yanaweza kusomwa na mfamasia mwenye nia.

Tuje kwenye sindano zenyewe. Niseme mapema kwamba mimi ni daktari wa tiba utengamao, yaani ya kurudisha uwezo wa mwili, na sindano hizi nazichoma, kwa hiyo nisome ukilijua hilo.

Kaka yako ameshika nusu ya ukweli. Ujerumani ulifanyika utafiti mkubwa, ukachapishwa mwaka 2007, uliowahusisha watu 1,162 wenye kiuno sugu. Kundi la kwanza lilichomwa sindano kwa kufuata njia na vituo vya Kichina, yaani sehemu maalumu za mwili zinazopaswa kuchomwa. La pili lilichomwa juu juu tu, mahali ambapo vitabu vya Kichina havitambui kituo chochote, bila wao kujua. La tatu lilipata tiba ya kawaida: dawa, mazoezi na fiziotherapia. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 47.6 kwa sindano za kweli, asilimia 44.2 kwa sindano za kuzuga, na asilimia 27.4 kwa tiba ya kawaida.

Hizo namba huwa zinanifanya nitulie kila nikitaka kujisifu. Waliochomwa, hata kwa kuzugwa, walifanya vizuri kuliko waliopata tiba ya kawaida, na tofauti ni kubwa. Lakini kuchoma kituo sahihi kulizidi kuchoma popote kwa kiasi kidogo sana. Maana yake, nafuu ipo, ila sehemu yake kubwa haitokani na ramani ya vituo 361 tunayoikariri chuoni. Inatokana na kuchomwa kwenyewe, kulala umetulia nusu saa, mikono ya mtu anayekushughulikia, na matarajio yako. Kaka anaiita saikolojia kana kwamba ni uongo. Matarajio hufanya kazi kupitia ubongo uleule unaoamua kiuno kiume kiasi gani.

Na kuna sehemu ya mwili kabisa. Sindano hii haina dawa ndani. Haina hata tundu. Ni uzi wa chuma cha pua wenye unene wa robo milimita hivi, wakati sindano ya kawaida ya hospitali inafika milimita 0.8. Ikipenya msulini, mchomaji akaizungusha kidogo, unasikia uzito, kuvuta, ganzi kama umeme mchovu. Bila shaka ulisikia nyuma ya goti. Hapo neva ndogo zinapeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na taarifa hiyo inashindana na ile ya maumivu inayopanda kwa njia hiyohiyo. Ndiyo sababu ukijigonga kiwiko unakisugua bila kufundishwa. Ubongo nao unashusha endofini, dawa zake wenyewe za maumivu. Baadhi ya majaribio yameonyesha kwamba mtu akipewa naloksoni, dawa inayozuia kazi ya endofini, nafuu ya sindano hupungua. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walionyesha kwa panya kwamba pale sindano inapozungushwa hujikusanya adenosini, kemikali nyingine inayotuliza neva. Haya yote yanaelezea vizuri nafuu ya siku kadhaa, kama ile yako. Hakuna hata moja linaloelezea diski, ule mto ulio kati ya pingili za mgongo, kurudi mahali pake, wala figo kupata nguvu, wala mwili kusafishwa.

Huenda umesikia pia kwamba Wachina hupasua watu kwa sindano bila dawa ya ganzi. Hadithi hiyo ilienea sana baada ya mwandishi wa New York Times, James Reston, kupasuliwa kidole tumbo Beijing mwaka 1971. Aliyoyaandika mwenyewe ni kwamba alipasuliwa kwa dawa za ganzi za kawaida. Sindano alichomwa usiku wa pili kwenye kiwiko na chini ya magoti, tumbo lilipojaa gesi. Watu waliruka sentensi hiyo.

Kwa mama, mwambie kwa upole kwamba hakuna kafara wala maombi kwa mizimu katika kazi hii. Wachina wanazungumzia qi, nguvu wanayosema inapita mwilini kwa njia maalumu, nami sijawahi kuiona njia hiyo kwenye mwili uliopasuliwa. Lakini imani ya kitabibu isiyothibitishwa ni jambo moja, ushirikina ni jingine. Guangzhou kuna chuo kikuu cha serikali kinachofundisha tiba hii. Zamani walikuwa wakali kuliko sisi: mwaka 1027 mfalme wa ukoo wa Song aliagiza sanamu za shaba za binadamu zenye matundu kwenye vituo vyote. Kwa mtihani, sanamu ilipakwa nta na kujazwa maji. Mwanafunzi akichoma penyewe, maji yanatoka. Akikosea, sindano inagota.

Kinyume chake, ukiambiwa kwamba tiba hii ni ya maelfu ya miaka na kwa hiyo haikosei, kumbuka kwamba mwaka 1822 ikulu ya China yenyewe iliifuta kwenye chuo chake cha matabibu. Ilipewa nguvu upya na serikali ya Mao kuanzia miaka ya 1950, wakati nchi ilikuwa na wagonjwa wengi na madaktari wachache. Sindano hizi nyembamba za kutumia mara moja na kutupa ni za juzi tu.

Wakubwa wa dunia nao hawajakubaliana. Uingereza, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ilipendekeza sindano kwa kiuno mwaka 2009, ikaondoa pendekezo hilo 2016, ikaja kuzikubali 2021 kwa aina fulani ya maumivu sugu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu kiuno sugu, limeziweka kwenye orodha ya mambo yanayoweza kutumika, pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Msimamo wangu ni huu: kwa mtu kama wewe, ambaye diklofenaki imeshakuwa hatari kwake, sindano ni chaguo la haki kujaribiwa, sambamba na mazoezi. Nisingekwambia hivyo kama ungekuja na kisukari au kiharusi ukitafuta kupona kwa sindano.

Basi hiyo kliniki. Kulipia mara 20 kwa mkupuo kataa. Kwenye ule utafiti wa Ujerumani watu walichomwa mara 10, kwa kawaida mara mbili kwa wiki, na walioongezewa ni wale tu waliokuwa wameanza kupata nafuu kiasi. Lipia kila unapokwenda. Ukifika mara ya sita hujaona tofauti kwenye kutembea, kulala au kukaa dukani, acha, pesa yako ipeleke kwa mtu wa fiziotherapia. Mwenye kujiamini na kazi yake hatakasirika.

Kuacha dawa ya presha ndiko kulikonifanya nijibu barua yako kabla ya nyingine. Usiache. Mtu anayekwambia sindano zitasafisha mwili hajui mwili unasafishwa na nini: ni ini, na figo hizohizo unazozihofia, na adui mkubwa wa figo ni presha isiyodhibitiwa. Presha haiumi. Utaacha dawa, utajiona mzima, na utakuja kujua kwa kiharusi. Kwangu mimi kauli hiyo peke yake inatosha kutafuta kliniki nyingine.

Nyingine zipo. Madaktari wa Kichina wako Zanzibar tangu 1964 na bara tangu 1968, na watu wetu wengi wamesomea China. Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa sheria ya mwaka 2002. Uliza cheti cha usajili, kwa kawaida hutundikwa ukutani. Ukiingia chumbani, angalia mikono. Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele yako, ngozi ifutwe kwa spiriti, ulazwe badala ya kukalishwa, maana wapo wanaozimia mara ya kwanza, hasa wakiwa na njaa. Sindano zihesabiwe zikiingia na zikitoka, ziishie kwenye lile boksi gumu la njano. Atakayekuambia sindano zako zitachemshwa na kutunzwa kwa jina lako, shuka mezani; homa ya ini aina ya B imewahi kusambazwa kwa sindano zilizorudiwa. Akitaka kuchoma begani au mgongoni kati ya mbavu, mwambie kiuno kinatosha. Juu ya bega pafu liko karibu kuliko watu wanavyodhani, na ajali ya kulitoboa ni adimu lakini ipo. Ukianza kutumia dawa za kuyeyusha damu, mwambie kabla hujalala. Damu kidogo au alama ya bluu ni kawaida.

Pengine watakuongezea chuku. Ile ya kunyonya ngozi tu haina neno, itakuachia miduara. Ile ya kuchanja na kutoa damu sikushauri, haitakuongezea lolote kwenye siatika yako.

Kisha mazoezi, na hapa sitakuwa mrefu kwa sababu huhitaji daktari kukushawishi. Tembea kila siku, hata kama mguu unanung'unika. Usilale kitandani mchana kutwa. Na ile shangazi kaja iliyojaa viatu usiibebe bega moja ukapanda nayo ngazi, lipa kijana. Kabla ya yote, kwa kuwa ni mwaka wa pili na maumivu yanafika kigimbini, daktari akupime kwa mikono yake: nguvu ya kunyanyua kidole gumba cha mguu, kusimama kwa ncha za vidole, mguso wa ngozi. MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, atakuandikia kama ameona sababu. Usiinunue mwenyewe, kwani diski zilizotokeza huonekana hata kwa watu wengi wasioumwa chochote, nawe utapata hofu nyingine mpya.

Kama una homa za jioni, unatoka jasho usiku, unapungua uzito, au kiuno kinauma zaidi ukiwa umelala, usichomwe kwanza. Kwetu huku kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo, na kinatibika kikiwahiwa. Vilevile kama umewahi kuwa na saratani, au umeanguka.

Na kuna hali moja ya kutosubiri hata asubuhi: mguu kulegea ghafla, mkojo kugoma au kutoka wenyewe, choo kukuponyoka, au kufa ganzi katikati ya mapaja, pale unapokalia tandiko la baiskeli. Hiyo ni hospitali kubwa, dharura, saa hiyohiyo, kwa sababu neva zikibanwa namna hiyo kila saa ina hesabu yake. Ukifika mapokezi usiseme kiuno kinakuuma, utaelekezwa kwenye benchi. Sema nimeshindwa kukojoa na nimekufa ganzi sehemu za siri.